Tawi la Mlangilangi

Maiti ya Mathew, mchora ramani, ilikuwa imelala kifudifudi kwenye uwanda wa chumvi, porini Mkwaja, kiganjani imeshika kifaa cha setilaiti cha kuonyeshea njia. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Kucha zilijaa udongo mkavu.

"Hana jeraha," daktari wa polisi alisema. "Ni kiu na jua. Alichimba mpaka nguvu zikamwisha."

Inspekta Hafidh Ame alikiwasha kile kifaa. Kialama cheusi kilitokea kwenye ramani, pale pale waliposimama, na chini yake neno moja: Kisima.

Hafidh alitazama huku na huku. Chumvi, vumbi na miiba. Maji hayakuwahi kukaa hapo tangu dunia iumbwe.

"Huyu kaitwa," alisema. "Kaitwa aje afe."

Mpagazi wa marehemu, Miraji wa Pangani, alikuwa chini ya ulinzi kando ya gari.

"Ulimwacha bosi wako peke yake. Kwa nini?"

"Njia ilifungwa, afande."

"Na nani?"

"Sijui. Tulikuta tawi limelazwa katikati ya njia. Kwetu sisi ukikuta tawi hivyo, warudi. Huulizi. Mbele kuna hatari, aijua aliyeliweka."

"Ulimwambia?"

"Wallahi nilimwambia! Akacheka. Akanionyesha kidude chake, akasema setilaiti haiogopi majani, mbele kuna kisima. Akaliruka, akenda zake. Nikamngoja garini weee, wapi! Ndipo nikakimbilia Mkwaja kuita watu."

Hafidh hakuwa mwepesi wa kuamini. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, miaka ya soko huria, kila kitu kinauzwa na ushahidi nao una bei. Lakini tawi lilikuwapo kweli. Aliliinua. Maua mawili yaliyonyauka yalikuwa yameng'ang'ania ncha yake. Aliyanusa, na moyo ukarudi Pemba, uani kwa mama yake.

Mlangilangi. Mti wa kupandwa nyumbani, porini kule haumo. Aliyelilaza alitoka nalo kwake.

Mjini Tanga, Manase, mwenye kampuni ya ramani, alilia hasara kabla ya kumlilia marehemu. Ramani zake za mapori ziliingizwa kwenye vifaa vya mkononi, zikauzwa kwa wawindaji na watalii.

"Kisima cha kweli kiko wapi?"

Manase alifungua picha iliyopigwa kwa ndege, akaweka kidole upande wa pili wa kilima. Kidole kikaganda hapo: kwenye ramani yake alama ya kisima ilikuwa upande huu.

"Nani hugusa ramani kwenye kompyuta?"

"Mathew na Nasima. Mathew huchora, Nasima huingiza alama."

"Mathew aliwahi kufika huko?"

"Hata siku moja. Safari hii alikwenda kuhakiki."

"Na Nasima ni mtu wa wapi?"

"Anakaa Makorora. Ila kwao ni huko huko Mkwaja."

Nasima alimkaribisha Hafidh kigoda uani. Kando ya ukuta ulisimama mlangilangi mchanga, na tawi moja lilikuwa limekatwa.

"Mathew amekufa," Hafidh alisema. "Amekufa akichimba chumvi kwa kucha."

Nasima alishika ukuta. "Basi aliliruka."

"Aliruka nini? Sijakutajia kitu."

Nasima alikaa chini mchangani, kanga ikamtoka kichwani. Hakuiokota.

"Kisima nimekihamisha mimi, afande. Kwenye kompyuta ni kazi ya kidole tu."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kisima chetu, kitongoji cha Mzambarauni. Nilimpa Mathew kila kitu kwa mdomo wangu: nyumba, makaburi, kisima. Nikaona fahari, kwetu kutaingia ramanini. Mwekezaji akataka pori tupu, naye akampa pori tupu. Akafuta nyumba. Akafuta makaburi. Kisima akakiacha, maana wawindaji hunywa maji. Waliokichimba ndio akawafuta."

"Kisha?"

"Watu wake wakaja na ramani ile ile, wakasema hapa hapajakaa mtu. Wakatuchomea nyumba. Mama alifia juu ya mkokoteni tukija huku. Hakuzikwa kando ya baba."

"Mbona hukushtaki?"

"Nilishtaki. Nikaambiwa niwaonyeshe hicho kitongoji kwenye ramani."

Hafidh aliyaandika maneno hayo. Akaendelea na kazi yake.

"Na tawi?"

"Alipotangaza safari nilifurahi. Kisha nafsi ikanisuta. Mlangilangi huu ni mche tuliookoa kwa mama. Nikakata tawi, nikatangulia kwa basi, nikalilaza njiani. Nikasema, mama ndiye amwonye. Kila mtoto wa kwetu angerudi. Naye akituhesabu watu, atarudi."

"Ungeweza kumwambia kwa mdomo."

"Ningeweza." Ndipo alipolia, kwa sauti, kama aliyefiwa upya. "Ningeweza, afande. Nilimnyima neno."

Kosa lilikuwa mauaji. Sheria ilikuwa na kifungu chake. Hafidh alimtia pingu taratibu.

Mlangoni Nasima alisimama. "Kisima mtakirudisha mahali pake?"

"Manase ameshakirudisha."

"Na Mzambarauni?"

Hafidh alirudi uani, akaiokota kanga mchangani, akamfunika kichwa.

"Twende, mwanangu," alisema.