Kibanja cha Nyirabageni

Kwanza ilikuwa harufu. Deodatha alikuwa akichuma kahawa ukingoni mwa kibanja chake, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kule Chonyonyo, aliposikia harufu ya ndizi zinazoungua chunguni. Akaacha kapu, akakimbia jikoni. Mafiga yalikuwa baridi. Mama mkwe wake, Eustadia, aliketi mlangoni akitazama kibanja cha jirani.

"Nyirabageni amesahau chungu chake," bibi akasema.

Nyirabageni alikuwa marehemu. Alikuja zamani kutoka Rwanda, hana mtoto wala ndugu, akafia ndani wakati wa masika, na watu wakajua kwa uvundo. Deodatha hakuwepo. Alikuwa Bukoba akimuuguza mumewe, ambaye naye alirudi ndani ya sanduku. Nyumba ya Nyirabageni ilishaanguka, yakabaki magugu na migomba michache iliyokonda.

Sasa usharika wa kanisa ulitaka kujenga hapo nyumba ya wazee wasio na wa kuwatunza, na kitongoji kizima kilikuwa kikinung'unika.

"Watatukusanyia vikongwe wa Karagwe na Kyerwa yote," Evaristi mwenye duka alifoka mkutanoni. "Tutakuwa watu wa kuchimba makaburi tu! Na hao wengine, watoto wao wamewakimbia kwa nini? Si uchawi?"

Watu wakapiga makofi. Deodatha akainamisha uso. Kando yake, Eustadia alikuwa akilia kimyakimya, na machozi yake yalinuka moshi.

Usharika ukaleta vibarua hivyo hivyo. Msingi ulipofika magotini, mmoja wao, Manirakiza, akatupa jembe na kuruka nje ya mtaro. Alisema amesikia mwanamke akikohoa chini ya udongo, halafu akiomba maji kwa Kinyarwanda, lugha ya mama yake Manirakiza. Aliondoka na matope yake miguuni, na wenzake wakamfuata.

Jioni hiyo mvua ilishuka, ukungu ukafunika migomba, na Deodatha alipoingia chumbani kwa mama mkwe na uji alimkuta amelala sakafuni kifudifudi, kucha zake zikikwaruza udongo kuelekea mlangoni, akijivuta kidogo kidogo kama mtu aliyevunjika nyonga, na kila alipojivuta ilitoka kifuani mwake sauti ya mwanamke mwingine, nyembamba, iliyokauka, ikiita majirani mmoja mmoja kwa majina yao, ikinyamaza kusubiri, kisha ikiita tena.

Wakamwita Mzee Kashaija, mganga wa Rugera. Hata watu wa kwaya walikuja, wakajibana ukutani. Mzee akafukiza majani yake, akachuchumaa karibu na bibi.

"Nani wewe?"

"Wananijua," ile sauti ikajibu. "Nilianguka mvua ikinyesha. Nikaita mpaka koo likakauka. Moshi wa majiko yao niliuona kutoka pale nilipolala."

Evaristi akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Na sasa unataka nini?"

"Nilisikia wazee wenzangu wanakuja. Nikawasha moto, nikapika. Kisha nikasikia wamekataliwa."

Mama mmoja akaanza kulia. Kashaija hakugeuka. "Toka ndani ya huyu mama. Hakukukosea peke yake."

"Nitoke niende kwa nani?"

Mvua ilisikika juu ya bati. Mganga akawatazama watu, na kila aliyetazamwa akatafuta pengine pa kuweka macho.

"Hana pa kwenda, hatatoka," Kashaija akasema kwa sauti ya chini. "Na bibi huyu hana nguvu za kumbeba. Atakufa humu ndani."

Deodatha akaweka chini bakuli la uji.

"Njoo kwangu, mama," akasema.

"Deodatha!" mtu akanong'ona. "Hujui unachokisema!"

Eustadia akashusha pumzi ndefu, akalala kama mtoto. Deodatha alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayo hadi magotini, kiunoni, mabegani, ikakaa.

Usharika uliikubali sauti ya majirani. Nyumba ya wazee ikahamishiwa Songambele, ikajengwa huko, na watu wa Chonyonyo wakashukuru kanisani. Eustadia alipona kabisa. Alipika, alipalilia, lakini hakula tena chakula cha mkwe wake, na alipokaribiwa alirudi nyuma. Siku moja akafunga khanga zake katika kifurushi.

"Nipeleke Songambele, kwa wale wazee."

"Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Uliniokoa." Machozi yalimdondoka. "Lakini ukinitazama, mnanitazama wawili."

Deodatha akamwitia bodaboda. Alitaka kumshika mkono wa kwaheri, bibi akauficha ndani ya khanga. Pikipiki ikateremka kilimani, Eustadia hakugeuza kichwa.

Deodatha aliporudi ndani, nyumba ilikuwa kimya kuliko siku aliyomzika mumewe. Hakuwa na hofu. Hilo ndilo lililomliza, kwamba hakuwa na hofu hata kidogo. Akatandika mkeka karibu na moto, akakaa, kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu wa pili.