Wino Kidoleni mwa Marehemu

Inspekta aliuinua mkono wa marehemu. Dole gumba la kushoto lilikuwa na wino wa buluu.

"Nani aliuona kwanza?"

"Mimi," alijibu binti wa marehemu, fundi cherehani. "Nimekuja kumvisha mama. Jumamosi asubuhi, kabla hajafariki, nilimwogesha mwenyewe mpaka kwenye kucha. Wino haukuwapo."

"Na akaunti yake?"

"Nilipokwenda benki kuripoti kifo, niliambiwa imefungwa jana. Kuna fomu ya kumruhusu kaka aifunge. Ina alama ya dole gumba la mama, tarehe ya Ijumaa."

Inspekta alimgeukia mhudumu wa mochwari. Mzee wa watu aliinamisha kichwa.

"Mwanawe mkubwa alitaka kumuaga faragha, afande. Nikatoka. Ningekataaje?"

Kituoni, Bosi, ndivyo walivyomwita kaka huyo nyumbani, aliingia na tai shingoni na maneno tele mdomoni. Dada yake alikuwa ameketi pembeni.

"Mirathi mahakamani huchukua mwaka mzima, afande. Nilitaka kuwapunguzia wadogo zangu usumbufu."

"Kwa kumpaka maiti wino?"

Bosi alilegeza tai.

"Pesa ziko wapi?"

Alitoa bahasha ya benki. Ilikuwa haijafunguliwa. Inspekta alikuna kichwa. Mwizi gani huyu asiyekula alichoiba?

"Hukuwa na shida ya pesa. Ulikuwa unakimbia nini?"

"Taarifa ya benki. Kwenye mirathi ingetakiwa, isomwe mbele ya ndugu zangu wote; nilidhani akaunti ikifungwa, hakuna atakayeiulizia. Miaka kumi nimejigamba kwamba ni mimi ninayemtunza mama, kila mwezi namwekea. Sijaweka hata senti. Aliyekuwa akiweka ni huyu hapa." Hakuthubutu kumtazama dada yake. "Nilimshika mkono, afande. Ulikuwa wa baridi. Nikamwambia mama nisamehe, kisha nikaukandamiza kwenye fomu."

Hata Inspekta, aliyezoea mengi, aliona haya kumtazama usoni.

"Kaka," dada alisema polepole, "tulikuwa tunajua."

"Tangu lini?"

"Miaka yote. Mama alitukataza kusema. Alihofia utaaibika, uache kuja kumwona."

Bosi alinyoosha mikono yake miwili ili afungwe pingu.

"Na bado sikuja," alisema.