Sauti ya Bibi Kwenye Kompyuta

Kila alasiri, akishafua sare yake na kuianika, Karani aliketi mbele ya kompyuta ya sebuleni. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuliwekea kumbukumbu. Fahari yake kubwa ilikuwa masimulizi kumi na mawili ya bibi yake, aliyoyarekodi kabla bibi hajapasuliwa koo. Tangu upasuaji ule bibi hasemi tena. Akitaka jambo, huliandika kwenye daftari.

Mama alikuwa amemwambia atengeneze nakala ya akiba, naye alitengeneza siku ile ile. Uvivu hakuwa nao hata chembe.

Siku moja alibonyeza kitufe, kompyuta isiwake. Akabonyeza tena na tena, machozi yakimlengalenga. Mjomba wake akaibeba, wakaipeleka kwa fundi. Karani akamwamkia fundi na kumweleza yaliyomo.

"Una nakala?" fundi aliuliza.

"Ninayo."

"Iko wapi, binti yangu?"

"Humo humo ndani, kwenye folda nyingine."

Mjomba alitaka kucheka, fundi akamkata jicho. "Hapo umeufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile," alisema kwa upole. "Niachieni siku tatu, lakini siahidi kitu."

Siku hizo tatu Karani hakula akashiba. Ya nne fundi aliwaita. Alikuwa ameokoa masimulizi kumi na moja na kuyatia kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa mjomba. Simulizi la kumi na mbili, la jinsi bibi alivyokutana na babu, lilikuwa limeharibika kabisa.

Jioni bibi alisikiliza sauti yake mwenyewe, akitabasamu huku akifuta macho. Karani akapiga magoti, akakiri kuwa simulizi tamu kuliko yote limepotea kwa kosa lake. Bibi akamvuta karibu, akaandika taratibu:

"Usilie, mjukuu wangu. Ulijitahidi, ila kitu cha thamani na nakala yake visilale mahali pamoja. Kisa kile nitakuandikia upya. Wewe ukinakili, umpelekee mjomba wako akutunzie."

Kisha akafunua ukurasa mpya, akaanza: "Siku niliyomwona babu yako mara ya kwanza, alikuwa amevaa viatu visivyofanana."