Uji Ndani ya Ukuta

Kila asubuhi, nyumba ile ya vyumba viwili iliamka kwa kelele tatu. Kwanza mwiko wa Mama ukigonga sufuria. Kisha mtoto mchanga akidai haki yake. Na mwisho sauti ya Babu, kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha la sebuleni.

"Kitendawili!"

"Tega!" alijibu Chiriku, huku anahangaika na soksi iliyogeuka.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Babu ndiye aliyempa, kwa kuwa mdomo wa mjukuu wake huyo wa miaka kumi na mmoja haukujua likizo.

"Kila siku ninamruka, wala hajawahi kunikasirikia."

Chiriku akafikiri. "Chura?"

"Chura wako wa kumruka kila siku yuko wapi? Nipe mji!"

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na miji ya kugawa. Aliyeshindwa kitendawili alitoa kipande cha nyumba.

"Nakupa jiko."

"Jiko ulinipa jana."

"Basi chukua kabati, pamoja na mende wake."

"Nimelipokea. Mende nakuachia wewe. Jibu ni kizingiti." Babu akacheka, na chai ikacheka naye ndani ya kikombe, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka tangu alipougua mwaka uliopita.

Baada ya kitendawili uliingia uji, na hapo furaha ya Chiriku ikaisha. Muuguzi alikuwa amemwambia Mama kwamba Chiriku, aliyeshikwa na kizunguzungu kwenye mstari wa asubuhi shuleni, asiende tena shule bila kitu tumboni. Basi kila siku Mama alimwekea bakuli la uji wa maziwa na sukari. "Nataka kuona chini ya bakuli," alisema, kisha akaenda kumwogesha mtoto.

Uji ule ulikuwa na mabonge. Chiriku akimeza bonge moja, alihisi kama amemeza jicho la samaki. Nyuma ya kiti cha Babu, karibu na sakafu, palikuwa na tundu lililoachwa na bomba la zamani. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali yenye uwazi ndani. Kwa hiyo Babu alipofumba macho kusikiliza redio, Chiriku aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, akainamisha bakuli pale kwenye tundu. Uji ukaingia ukutani kimyakimya.

"Nimemaliza, Mama!"

"Ahsante, mwanangu. Utapata nguvu."

Alifanya hivyo kwa wiki tatu.

Sisimizi wa kwanza walionekana siku ya Jumatatu, mstari mwembamba wa kahawia kutoka nyuma ya kiti cha Babu hadi kwenye bakuli la sukari. Mama akawafuta kwa kitambaa. Jumanne walikuwa mistari miwili. Mama akawamwagia maji ya moto. Jumatano Baba, ambaye ni fundi viatu, alirudi na kopo la dawa ya kupuliza. Alipuliza hadi wote wakatoka nje wanakohoa. Sisimizi walitoweka siku nzima, kisha wakarudi kwa mistari mitatu. Walikuwa kwenye mkate, kwenye taulo, hata ndani ya mswaki wa Baba.

"Hawa wamekuja na mizigo yao," Baba alisema. "Bado kudai funguo tu."

Asubuhi iliyofuata Mama alimkuta mtoto analia kwa kilio kisicho cha kawaida. Maziwa yalikuwa yamemtoka mdomoni akiwa usingizini, na sisimizi wameyafuata. Walikuwa wamejaa shingoni na mashavuni. Kope yake moja ilikuwa imevimba. Mama alimpangusa, akamfunika, akampangusa tena, kisha akakaa sakafuni akalia.

"Nimesafisha," alisema. "Kila siku nasafisha. Nifanye nini tena mimi?"

Baba alitazama ule mstari nyuma ya kiti. Kisha akatazama makombo ya mkate yaliyokuwa chini ya kiti chenyewe. Babu aliona alikotazama.

Tangu siku hiyo Babu alinywea chai nje, kwenye ngazi ya mlango. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaunyoosha mdomo mbali ili makombo yaangukie mchangani. Redio akaizima. Chiriku alikaa karibu naye.

"Kitendawili, Babu!"

"Leo sina, mjukuu wangu."

Tangu sisimizi walipomfikia mtoto, Chiriku alikuwa anaumaliza uji wake wote, mabonge na yote, huku machozi yakimlengalenga. Haikusaidia. Aliziba tundu kwa kitambaa, sisimizi wakatokea kwenye fremu ya dirisha, kisha wakapenya kando ya kitambaa chenyewe. Alitaka kusema. Alimfuata Mama jikoni mara mbili, na mara mbili akaishia kuomba maji ya kunywa, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, baada ya chakula, Baba alikohoa kidogo. "Mzee," alisema, huku anatazama mikono yake mwenyewe, "nimeongea na kaka. Kwake kuna nafasi. Ukae huko kidogo, mpaka mtoto akue. Nitakupeleka Jumamosi."

"Sawa, mwanangu," Babu alijibu. "Hii mikono yangu hainisikilizi tena."

Hakubisha hata neno moja. Chiriku alitamani abishe.

Ijumaa mchana alifika Shangazi, dada yake Baba, akitokea kazini na vumbi la unga kwenye nyusi. Alikuwa mtunza stoo kwenye kinu cha unga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Chiriku gani huyu asiyelia? Mmemkata ulimi?" Akageuka. "Wifi, wako wapi hao wageni wenu?"

Mama akamwonyesha. Baba akamwonyesha kopo la dawa.

"Kaka, wewe umewaua wachuuzi tu! Malkia yuko ndani anataga mayai, hana habari na kopo lako." Akapiga magoti, akawatazama kwa makini. "Siafu siyo, maana wangewatoa nje nyote. Mchwa naye hana shida na sukari, anakula mbao. Hawa ni sisimizi. Sasa tuwaulize wanataka nini."

Akaweka vifuniko viwili vya chupa sakafuni, kimoja kina maji ya sukari, kingine mafuta ya kupikia. Kabla mtoto hajamaliza kunyonya, kifuniko cha sukari kilikuwa kimefunikwa na sisimizi. Cha mafuta hakikuwa na mtu.

"Walafi wa vitamu. Chiriku, shika tochi. Mmekuwa mnaangalia wanakokwenda. Sisi tuangalie wanakotoka."

Chiriku alishika tochi kwa mikono miwili. Mstari ulipita chini ya meza, ukashika ukuta, ukaingia nyuma ya kiti.

"Nilijua," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Ni pale kwa Mzee."

Wote wakageuka. Babu alikuwa amesimama mlangoni. "Ngoja nikafunge nguo zangu," alisema. "Tusisubiri Jumamosi."

Tochi ikaanguka.

"Siyo Babu!" Chiriku alipiga kelele. "Ni uji wangu! Nilikuwa naumwaga kwenye tundu. Kila siku. Siyo makombo, Babu, siyo mikono yako!"

Shangazi akachukua waya, akauingiza kwenye tundu, akauvuta. Ulitoka na kitambaa, kisha ukoko wa uji wenye ukungu, umejaa sisimizi na mayai meupe.

Mama alikaa kitini. "Na mimi nilikushukuru," alisema polepole. "Kila siku nilikushukuru." Chiriku aliona heri angechapwa.

Baba hakumtazama Chiriku. Alimwendea Babu. "Nisamehe. Huendi kokote, Baba," alisema. Alikuwa na siku nyingi hajamwita hivyo.

Shangazi aliwaelekeza kazi. Miguu ya kitanda cha mtoto ikawekwa kwenye makopo ya maji. Sukari na mkate vikaingia kwenye vyombo vyenye mifuniko. Walichokwangua ukutani kikatupwa mbali. Kisha akachanganya dawa ya unga ya sisimizi na maji ya sukari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, akaiweka ndani kabisa ya tundu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, akanawa kwa sabuni.

"Msiwaue wanaoibeba," alisema. "Waacheni wampelekee malkia wao. Wakikoma kupita, osheni njia yao kwa maji ya sabuni, maana wanafuata harufu. Kisha zibeni tundu kwa saruji."

Siku ya tano hapakuwa na hata mmoja. Shangazi alikuja kuziba tundu, na Chiriku ndiye aliyemshikia karai.

"Ulifikiri ukishamwaga, umemaliza," Shangazi alimwambia huku akilainisha saruji. "Kumbe kilichofichwa kilikuwa kinakua, na aliyekuwa anaumia ni mtu mwingine. Ungesema siku ile ya kwanza, mama yako angeuchuja uji, basi. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo kama sisimizi mmoja."

"Nimesikia, Shangazi."

Asubuhi iliyofuata uji ulikuwa umechujwa, na redio ilikuwa imewashwa. Babu alikuwa bado ngazini na kikombe chake. Chiriku akamfuata, akamshika kiwiko, akamwingiza ndani.

"Kitendawili," Babu alisema, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa unauma.

"Tega!"

"Nina mgeni. Nikimfungia ndani ananenepa, nikimfungulia mlango anatoweka."

Chiriku alifikiri mpaka uji ukapoa. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa kiti cha dirishani."

"Hicho ni changu tangu zamani."

"Ndiyo maana nakirudisha, Babu."

Babu akaketi. "Jibu ni siri," alisema, akaumega mkate. Kombo moja likaanguka sakafuni. Baba aliliona. Mama aliliona. Chiriku akaweka bakuli lake tupu mezani, akaenda kuchukua ufagio.