Panya Aliyetulia

Kisomadhoruba kilitua juu ya kichwa cha panya, kikakunjua nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, na papo hapo ubongo wa mnyama yule ukatokea ukutani, mpana kama mlango. Kila cheche ya umeme iliyopita ndani yake iling'aa. Palipo shwari palikuwa bluu. Penye dhoruba ya kifafa pangekuwa pekundu.

"Leo tutaiona kazi yako, Daktari," alisema Shelukindo, fundi aliyekileta chombo hicho asubuhi ile katika maabara ya Dodoma. "Kamera zenu zinahesabu mitikisiko ya mwili tu. Huyu wangu anaingia hadi chumbani bila hodi."

"Aingie," alijibu Mwajabu. "Nimeshafagia."

Alikuwa na sababu ya kujivuna. Mzizi ambao bibi zake wa Muheza waliuchemsha na kuunywa, yeye aliuchambua hadi akapata kiini kimoja kinachozuia kifafa. Panya waliopewa kiini kile hawakuanguka tena, hawakutoa povu, hawakurusha miguu. Walisimama tu wakitazama mbele. Kwenye taarifa yake akaandika: wametulia.

Kisha akashindwa kungoja. Mdogo wake, Mhina, alikuwa na kifafa tangu utotoni. Aliwahi kuangukia jiko akaungua mkono, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kusogelea moto. Mwajabu hakusubiri kibali cha mtu. Alimpelekea chupa ya dawa kwa siri, na Mhina hakuanguka tena.

Leo nyumbani kulikuwa na shughuli ya shukrani. Katika ukoo wao, aliyepona kifafa hukabidhiwa mwiko. Husimama mbele ya moto mkubwa akawapikia wageni, watu wote wakimtazama.

Shelukindo aliwasha taa ya kuamsha kifafa, ikapepesa machoni mwa panya aliyekwisha kunyweshwa dawa. Panya akasimama. Hata sharubu hazikutikisika.

Ukuta mzima ukawa mwekundu.

"Chombo chako kibovu," alisema Mwajabu.

"Dada yangu, hiki kimetoka kiwandani juzi."

"Basi badilisha panya."

Akabadilisha. Wa pili akasimama kimya, ukuta ukawa mwekundu. Wa tatu vilevile. Dawa yake haikuigusa dhoruba hata kidogo. Ilichofanya ni kuufunga mwili usiweze kuitangaza. Wanyama wale walikuwa wakiungua ndani, milango imekomewa, na yeye kwa mkono wake aliandika kwamba wametulia.

Shelukindo alishusha sauti. "Hakuna binadamu aliyekunywa hii, sivyo?"

Mwajabu alikuwa amekwisha kukigusa kioombali mezani, na uso wa mama yake ukajitokeza hewani, umejaa jasho na furaha.

"Shikamoo, mama. Mtoe Mhina jikoni."

"Marahaba. Nimtoe vipi na ndiyo kwanza ameshika mwiko? Mjomba wako analia hapa kama bibi harusi."

"Mama, mtoe sasa hivi. Dawa ile haikumponya."

"Haikumponya? Hebu mtazame mwenyewe, ndipo uniletee hofu zenu za mjini."

Mama akageuza kioo. Mhina alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa, mwiko umezama kwenye wali, haugeuki.

"Geuza, bwana mpishi, wali unashika chini," shangazi mmoja alimtania. Watu wakacheka. Mhina hakugeuza.

"Mhina!" Mwajabu aliita. "Mama, mshikeni, mvuteni nyuma!"

Upepo ukabadilika, moshi ukampiga kijana usoni. Hakukohoa. Hakupepesa macho. Chini, ndimi za moto zikaanza kuinamia upindo wa kikoi chake.

"Umemwona?" alisema mama, sauti yake ikitetemeka kwa fahari. "Angalia alivyotulia, mwanangu."

Mwajabu akaita tena kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, lakini kule nyumbani vigelegele vilikuwa vimeanza.