Plazma ya Namba Saba

Stesheni ya treni ya Connolly ilikuwa imefurika watu wa asubuhi. Nuala Breslin alikwama getini, tiketi mdomoni, sanduku la barafu mikononi. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, nywele zake nyekundu zimelowa mvua, akaichukua ile tiketi taratibu na kumfungulia.

"Samaki hao?" aliuliza.

"Damu."

"Ya watu?"

"Ya watu. Mbona unarudi nyuma?"

"Sirudi. Nakupisha, dada."

Aliitwa Lorcan, fundi wa lifti. Kufika kiangazi walikuwa wapenzi. Alizoea kumpigia simu akiwa kazini. "Niko juu ya ghorofa ya tisa, nakuwaza."

"Shika waya kwanza, laazizi. Utaniwaza ukishuka."

Siku moja, wakitembea kando ya mfereji, alimwuliza kazi yake hasa ni ipi. Nuala akamwambia kwamba maabara yao inatengeneza chembe za kubebea dawa, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haizioni.

"Zikiingia tu kwenye damu, protini zinazirukia na kuzifunika," alisema. "Ini halioni tena chembe yetu, linaona hilo vazi. Vazi likiwa baya, ini linazimeza zote na dawa haifiki. Sasa tunachunguza vazi linatofautianaje mtu na mtu."

"Chukueni na damu yangu. Itazivalisha suti."

Akaenda kweli kutoa damu, bila kunywa hata chai, kama walivyoagizwa wachangiaji wote. Mirija ya damu haikuandikwa majina, namba tu, na watafiti hawakutakiwa kujua ni ya nani. Lakini Lorcan hakuweza kunyamaza. Mchana ule alimtumia ujumbe: "Namba saba ni mimi. Nitunze."

Nuala alipozungusha damu kwenye mashine ili maji yake, yaani plazma, yajitenge, plazma za wengine zilitoka na rangi ya majani makavu. Ya namba saba ilikuwa nyeupe kama maziwa. Akazitia chembe humo, akapima, akarudia. Protini zinazobeba mafuta zilikuwa zimezivamia chembe na kuzisukuma nyingine zote pembeni. Damu ya mtu aliyefunga haiwi hivyo.

Alimweleza mkuu wake, naye akasema suala litapitia kamati, kisha muuguzi atampigia mhusika. Huenda ikachukua mwezi mzima. Nuala akaacha kupokea simu za Lorcan. Hakujiamini kuongea naye bila kusema.

Lorcan akamngojea nje ya maabara. "Kama umenichoka, sema."

"Nenda kapimwe mafuta ya damu. Kesho."

Alimtazama. "Umejua lini?"

"Jumatatu iliyopita."

"Wiki nzima unanikwepa, kumbe unanijua mpaka ndani. Mimi mpenzi wako au kazi yako?"

Akaondoka hata kabla hajajibiwa. Kesho yake Nuala alikiri kwa mkuu wake kwamba amevunja siri. Wakamtoa kwenye utafiti, chembe zake wakampa mwenzake. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuosha vyombo vya maabara. Lorcan hakupiga simu tena.

Ilikuwa karibu Oktoba Nuala aliporudi nyumbani na kumkuta Lorcan amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, kavaa koti zuri la sufu. Amepungua mwili.

"Daktari kasema ningechelewa, kongosho lingevimba," alisema. "Hali yenyewe ni ya kurithi. Dada yangu naye kapimwa, anayo. Wote tumeanza dawa."

Nuala akaketi kando yake. "Walinitoa kwenye utafiti."

"Nimesikia. Nisamehe, Nuala. Nilisema ovyo."

"Na mimi ningekwambia siku ile ile."

Lorcan akavuta pumzi. "Baba alikufa kwa maumivu ya tumbo, mimi mdogo. Watu walisema ni pombe, na mama aliyabeba maneno hayo miaka yote. Kumbe huenda ni mafuta haya haya. Juzi nilijaribu kumweleza habari ya mafuta na protini, nikachanganyikiwa. Anakuomba uje Jumapili umweleze wewe."

"Nije kama nani? Mtafiti?"

"Mtafiti wamekufukuza," alisema, na kumshika mkono. "Njoo kama mchumba wangu."

Nuala aliukaza ule mkono. "Mwambie nitakuja mapema," akasema. "Maelezo yenyewe ni marefu."