Mita Moja Kutoka Kwenye Susu

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Fundi mwingine angeipangusa kwa kitambaa akaendelea na chai yake.

Mirgasim, aliyekuwa ametengeneza kamera mjini Kazan kwa miaka ishirini na saba, aliinua kamera ya zamani aina ya Zorki hadi jichoni akaielekeza dirishani, kwenye mnara wa msikiti ng'ambo ya ziwa lililoganda. Ndivyo alivyozipima zote. Katikati ya kidirisha cha kuchungulia kuna doa la manjano, na ndani ya doa hilo kila kitu huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi polepole mpaka viwili viwe kimoja, kisha unasoma umbali kwenye pete yake. Mnara ukaungana vizuri. Ila mbele ya mnara kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuungana. Chembamba, cha kijivu, kimesimama wima.

Akaondoa jicho kwenye kamera. Dirishani palikuwa na theluji tu. Na karakana yao ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Venya, hebu njoo uchungulie hapa."

Venyamin, fundi saa wa meza ya pili, hakuinuka mara moja. "Nichungulie nini? Kama ni yule mama wa duka la mikate, nimeshamwona. Na mumewe nimeshamwona, ana mikono kama majembe."

"Njoo, bwana."

Akaja, akachungulia. Tabasamu likabaki usoni mwake bila kazi.

"Nani yule anayening'inia nje?"

"Hakuna mtu nje."

"Najua hakuna mtu nje. Nakuuliza, nani yule?"

Mirgasim akaichukua tena kamera, akazungusha pete hadi kile cha kijivu kikawa kimoja. Akasoma: mita kumi. Kutoka mezani hadi kwenye kioo cha dirisha zilikuwa tatu. Saba zilizobaki zilikuwa hewa tupu.

Hapo akili yake ya ufundi ikaanza kugoma. Kwenye kamera kama hii jicho halipiti ndani ya lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu yake. Kazi ya lenzi ni kusukuma kijiti kidogo ndani ili kijiti nacho kisogeze kioo. Lenzi haiwezi kukuonyesha kisichokuwepo. Akaifungua ile iliyokuja na kamera, lenzi ya Jupiter ya pembe pana, ambayo kioo chake cha nyuma kimetokeza kama jicho la mtu aliyekabwa na huingia ndani mpaka karibu na pazia, kile kitambaa cheusi kinachozuia mwanga usifikie filamu. Akafunga lenzi ya kawaida, Industar. Kile kitu hakikuwepo. Akachukua FED iliyokuwa rafuni, kamera ya kiwanda kingine na mji mwingine lakini yenye hesi ile ile ya kukazia lenzi, ya milimita thelathini na tisa, akaifungia Jupiter. Kikarudi. Akaijaribu hata kwenye kamera ya Kiev, ingawa alijua kwamba Kiev haina hesi, lenzi zake hushikwa kwa meno. Haikuingia. Akajishangaa jinsi alivyopumua kwa nafuu.

"Unasikia harufu?" Venyamin alinong'ona. "Masizi. Masizi yaliyolowa, na sabuni ya zamani."

"Nasikia."

"Basi sikiliza na hili, mzee. Mimi sitakaa chumba kimoja na hicho kioo. Kipeleke unakotaka, lakini leo leo."

Kamera hiyo ililetwa na Bibi Minnebika, mjane wa mpiga picha wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto Volga. Alitaka pazia la kamera lishonwe upya ili ampe mjukuu wake aliyekuwa akirudi kutoka jeshini. Mirgasim aliamua kwamba Jumamosi angevirudisha vyote mwenyewe, kamera na lenzi. Mpaka siku hiyo, aliitia lenzi mfuko mmoja wa koti na kamera mfuko mwingine, akaenda navyo nyumbani. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo, kwa maana nyumbani kulikuwa na mtoto wa siku ishirini na tatu.

Alikuwa mjukuu wake, Sumbul. Mama yake, Razina, alikuwa amekuja kulelewa uzazi kwa baba yake kwa sababu mumewe alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta. Mirgasim, aliyekuwa mjane, alikuwa amening'iniza kwenye dari susu ile ile aliyolala Razina alipokuwa mchanga, na kila aliporudi kazini alinawa mikono kwa maji ya moto kabla ya kuigusa.

Siku hiyo hata hakuwahi kunawa.

"Baba, umeleta nini?" Razina aliuliza kutoka jikoni, ambako alikuwa anakanda unga. "Nyumba ghafla inanuka kama hamamu ya mvuke iliyopoa."

"Ni mafuta ya kazini."

"Mafuta gani yananuka hivyo? Hebu vua hilo koti."

Kwenye susu, Sumbul alikuwa kimya. Macho yake, ambayo bado hayakujua kutulia juu ya kitu, yalikuwa yametulia dirishani.

Mirgasim akafunga mlango wa chumba, akaifungia lenzi kwenye Zorki, akakaa kando ya susu na kuchungulia. Mita tano. Nje ya kioo, juu ya uwanja ambako wanawake walikuwa wakikung'uta mazulia kwenye theluji, kile kitu kilikuwa kimesimama hewani, na sasa kilikuwa na mabega.

Kesho yake hakwenda kazini. Alisema anaumwa mgongo. Saa nne asubuhi alipima: mita tatu, yaani kwenye kioo chenyewe. Akaingiwa na hasira ya woga, akaifungua lenzi, akashuka ngazi mbili mbili hadi kwenye pipa la taka la uwanjani, akaitupa ndani kabisa, chini ya maganda ya viazi, akarudi juu akihema. Akakaa. Akasimama. Akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi, akagusa susu, akaenda tena dirishani. Harufu haikuondoka. Sasa alikuwa amebaki kipofu, hajui kama kile kitu kimeondoka au kimeketi kwenye kitanda chake, na kutojua huko kulimla zaidi kuliko kukiona. Hata nusu saa haikupita. Alishuka tena, akaingiza mkono kwenye maganda mpaka begani, akaitoa.

"Baba," Razina alisema alipomwona na mkono mchafu, "unanitisha. Toka jana huketi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Mweke mtoto karibu na wewe."

"Mtoto ni wa baridi, baba. Nimemfunika mablanketi mawili na bado ni wa baridi."

Akakaa kando ya susu, akachungulia mbele ya Razina, bila kujificha tena. Mita mbili. Akasubiri, mkono kwenye pete, na pete ikawa inazunguka taratibu chini ya vidole vyake kadiri kile kitu kilivyosogea, mbili, moja na nusu, moja na robo, hakikutembea kama mtu anayenyanyua miguu bali kama mvuke unaosukumwa kutoka mlangoni, na juu ya mabega sasa kulikuwa na nywele ndefu zilizolowa zikiwa zimegandamana usoni, mpaka pete ikafika moja ikagota, kwa kuwa lenzi ile haipimi chini ya mita moja, nacho ndani ya doa la manjano kikajigawa tena kuwa viwili, vivuli viwili vilivyoachana upande huu na upande huu wa susu, na hakuna fundi duniani ambaye angeweza kuviunganisha.

Akaiacha kamera ianguke. Akashuka ngazi mbio hadi ghorofa ya kwanza kwa Bibi Tayba, mwanamke wa miaka themanini aliyewasomea Kurani wafu wa mtaa mzima katika miaka ambayo serikali haikutaka dini na kusoma hivyo kulikuwa jambo la kufanywa kwa sauti ya chini, milango imefungwa.

"Siku ngapi mtoto?" aliuliza tu, alipokwisha kumsikiliza.

"Ishirini na nne."

Bibi Tayba akachukua kikapu cha nguo za kufua, akaficha msahafu chini ya mashuka kama kawaida yake, akapanda naye, akipumzika kila ngazi ya tano huku Mirgasim akitamani kumbeba mgongoni.

Walimkuta Razina sakafuni, amejikunja pembeni mwa jiko, amemtia mtoto ndani ya nguo kifuani na kumbana kwa mikono yote miwili, na kadiri mtoto alivyolia kwa sauti nyembamba inayokatika ndivyo alivyozidi kumbana, huku nywele zake, ambazo hazikuwa zimeguswa na maji siku hiyo, zikidondosha matone sakafuni, na kinywa chake kikitoa sauti nzito yenye kikohozi ambayo haikuwa yake wala ya mwanamke yeyote: "Joto. Joto. Hili joto ni langu."

Mirgasim alimrukia, akashika vidole vya binti yake kuvibandua. Vilikuwa vya baridi kama chuma kilicholala nje, na havikubanduka.

"Usishindane naye," Bibi Tayba alisema. "Utamvunja mtoto. Kaa hapo." Kisha akapiga magoti kwa taabu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Razina, akasoma Ayatul Kursi mara tatu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Mikono ikalegea kidogo. Mtoto akavuta pumzi.

"Wewe ni nani?"

"Wa hamamu."

"Ya nani?"

"Ya mpiga picha. Aliosha picha zake kwangu. Kila jioni aliwasha moto, akaniachia maji ya mwisho. Akafa. Moto ukazimwa. Nikaingia palipobaki na joto la mkono wake."

Mirgasim akaelewa kwamba ni kwenye lenzi, akahisi kiganja chake mwenyewe kikiwasha.

"Na mtoto amekukosea nini?" Bibi Tayba aliuliza.

"Hakunikosea. Ana joto."

"Nisikilize. Aliye na kwao harandi majumbani kwa watu. Kesho huyu bwana atakurudisha na atakuwashia. Mwache mama huyu, mwache na mtoto, kwa jina la aliyekuumba kwa moto. Ukikataa nitakusomea mpaka usiwe na pa kusimama."

Matone yakadondoka. Kisha sauti ikauliza, kwa unyonge uliomtisha Mirgasim kuliko ukali wote: "Atawasha kweli?"

"Nitawasha," alisema Mirgasim. "Naapa."

Razina akafungua mikono. Bibi Tayba akampokea Sumbul, midomo ya mtoto imegeuka buluu, akamsugua kwa shali ya sufu mpaka akalia kilio kinene cha mtoto mwenye njaa.

Asubuhi Mirgasim alivuka Volga iliyoganda ndani ya lori la maziwa, kamera begani na lenzi ikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Baridi ya lenzi ilipita kwenye sufu na pamba mpaka ubavuni. Dereva alimwambia mara mbili afunge dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Bibi Minnebika alimsikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni.

"Marehemu alikuwa akiniambia, 'Kuna mwenzangu humo ndani, usije ukamzimia moto.' Mimi nikadhani ni mizaha ya wanaume! Alipokufa nikasema, mtu mmoja ana haja gani na hamamu? Nikawa naoga kwenye beseni jikoni. Nisamehe, mwanangu."

Walibeba kuni pamoja. Jiko la hamamu lilikataa kwanza, likatema moshi, kisha likashika. Mawe yalipoanza kuguna, Mirgasim aliiweka lenzi kwenye rafu ya juu, ambapo bado palikuwa na alama za sinia za kuoshea picha. Waliacha ndoo ya maji ya moto, kipande cha sabuni na kifungu cha majani makavu ya kujipigia mwilini. Wakafunga mlango, wakasimama nje kwenye theluji.

Kwa muda hawakusikia kitu. Kisha maji yakamwagwa. Majani yakapiga ngozi, taratibu, mara nyingi. Mtu akashusha pumzi ndefu.

"Anaoga," alinong'ona Bibi Minnebika, akaanza kulia.

Mirgasim alipoingia baadaye, ndoo ilikuwa tupu. Akaifungia lenzi kwenye Zorki, akachungulia ndani ya chumba, kisha nje, kwenye uzio na kwenye miti, mpaka mwisho wa pete. Kila kitu kiliungana. Akairudisha lenzi rafuni, na mjukuu wa bibi akapewa kamera ikiwa na Industar ya kawaida.

Sumbul alinenepa. Razina hakukumbuka chochote cha siku ile isipokuwa kwamba aliona baridi. Kila Alhamisi Bibi Minnebika aliwasha hamamu, na vuli ya pili alipofariki, Mirgasim alichukua ufunguo. Kila Alhamisi alivuka mto kwa lori au kwa kivuko, akapasua kuni, akawasha, akaacha maji ya mwisho, akarudi. Venyamin alimtania kwamba ameoa kijijini. Yeye alicheka naye na hakukosa hata mara moja.

Mpaka majira ya baridi ambayo Sumbul alikaribia miaka mitatu. Kimbunga cha theluji kilianza Jumatano. Alhamisi asubuhi Mirgasim alikwenda kituoni, akaambiwa hakuna gari linalovuka. Alijaribu kwa miguu. Walinzi wa mto wakamrudisha, nyusi zake zimeganda. Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani, koti bado mwilini, akitembea kati ya dirisha na mlango, mlango na dirisha. Razina, aliyekuja kumtembelea na mtoto, alikuwa akikaanga viazi jikoni na kuimba.

Sumbul alikuwa ameketi sakafuni, mgongo wake kwenye mabomba ya joto chini ya dirisha, anakula mkate wa siagi. Ghafla akaacha kutafuna. Akainua macho, akatazama mahali patupu mbele yake, juu kidogo, penye usawa wa uso wa mtu mzima. Hakuogopa. Akasogea kando, akavuta sketi yake, akapigapiga sakafu kwa kiganja pale alipoacha nafasi.

"Njoo huku," alisema. "Huku kuna joto."